Beethoven wa Nani?

Alhamisi baada ya isha huwa tunakutana barazani kwa fundi redio, Magomeni, hapa Mtwara mjini. Ni watu wanne tu: fundi mwenyewe, mwalimu mstaafu aliyeongoza kwaya Lindi miaka nenda rudi, dada muuguzi ambaye akipangiwa zamu ya usiku hatumwoni, na mimi. Kahawa ipo, kashata zipo, na ming'oko ikipatikana inachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Halafu swali linazunguka kama sahani: wiki hii umesikiliza nini?

Muziki wenyewe ni ule ambao mtaani wanauita wa kizungu, au wa kanisani, yaani kina Bach na Beethoven, watunzi wa zamani wa Ulaya. Jirani wa fundi anaamini tunafanya maombi.

Wiki tatu zilizopita zamu ilipomfikia Mwalimu akajibu, "Beethoven, ile ya tano," akachukua kikombe chake kama mtu aliyemaliza. Mimi, shikamoo nikiwa nimeshatoa, nikauliza kwa adabu zote, "Beethoven wa nani, Mwalimu?" Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza ukoo wa Beethoven.

Lakini nilikuwa nauliza kitu cha maana, na bado nauliza. Mtu akikwambia jana kala pweza, hajakwambia kitu. Wa kuchoma au wa nazi? Alipigwa akalainika, au mmetafuna mpira? Alipikwa na nani? Simfoni ya tano, yaani utungo wake mrefu wa tano wa okestra, ilisikika kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, na tangu hapo kilichobaki ni karatasi, na karatasi hailii. Ukitaka iseme lazima watu wakae, washike fidla na tarumbeta, na mtu asimame mbele yao (wenzetu wanamwita kondakta, lakini hadai nauli). Carlos Kleiber aliirekodi na okestra ya Vienna mwaka 1974, na ukiisikia unahisi mtu amefunga mkanda, amekaza viatu, anakwenda moja kwa moja. Furtwängler aliiongoza Berlin mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, katika jumba la sinema kwa sababu ukumbi wao wa zamani ulikuwa umepigwa mabomu. Humo kuna vituo ambavyo unashindwa kujua kama okestra itaendelea au itakaa chini ilie. Karatasi ni ile ile. Sasa Mwalimu, wewe ulikaa na yupi kati ya hawa wiki nzima?

Mimi sikupitia kwaya. Nimekulia Mikindani kwenye kaswida na taarabu, na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, niliifahamu kwa kuisikia kwenye taarabu ya Unguja kabla sijajua kwamba Bach aliwahi kuiandikia chochote. Kwetu hakuna mtu anayesema "nasikiliza taarabu" akaishia hapo. Utamtaja mwimbaji, utataja kikundi, na kama kuna mzee karibu atakusahihisha na mwaka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri, watu walinunua sauti yake. Walimnunua Siti. Miaka minane baadaye, kampuni ile ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni ilimwita mpiga selo Pablo Casals London, akaanza kurekodi zile seti sita za Bach za selo peke yake. Alizimalizia Paris mwaka 1939. Nota zake alizikuta duka moja la Barcelona akiwa mvulana wa miaka 13. Nikisikiliza rekodi ile, na mkwaruzo wake wote, kama mtu anakaanga vitumbua nyuma ya selo, najiona niko nyumbani kabisa, kwa sababu santuri za Siti nazo zinakaanga vile vile.

Ubishi huu una historia, na historia yenyewe ni flashi. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, nikampa kijana flashi na pesa yake, nikamwomba Bach wa piano. Akanijazia. Kufika nyumbani nakuta mafaili arobaini, "Bach 1", "Bach 2", hivyo hivyo hadi mwisho, na nyuma ya kila kipande mtu amepachika mlio wa mvua, nadhani ili nilale. Ilikuwa Machi, masika, mabati yananguruma. Nilikuwa na mvua mbili. "Bach 17" baadaye niligundua ni Chopin, mtunzi mwingine kabisa, na hadi leo kipande kile kikipigwa namtafuta Bach ndani yake. Lakini kilichoniuma ni "Bach 9". Yule aliyepiga "Bach 9" nilimpenda, jinsi alivyokuwa anaachia kidole kimoja kichelewe kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Sijawahi kumjua. Nimempoteza kama mtu uliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi kutoka Masasi, mkazungumza vizuri, akashuka Mnazi Mmoja hujamuuliza jina.

Dada muuguzi ndiye aliyetuletea Glenn Gould, mpiga piano. Huyu alirekodi ile kazi ya Bach iitwayo Goldberg mara mbili studio: mwaka 1955 akiwa na miaka 22, na tena mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Ni wimbo mmoja mwanzoni, mageuzo 30, kisha wimbo ule ule unarudi. Ya kwanza inachukua dakika 38 hivi, ya pili 51. Wimbo wa mwanzo pekee, kijana aliumaliza kabla ya dakika mbili kutimia. Mtu mzima akautembeza dakika tatu na ushei. Sitaki kuwadanganya, bando likiwa dogo mimi nachagua ya kijana. Dada anachagua ya mtu mzima kila mara. "Nikitoka zamu sitaki kujua nani anapiga," anasema, "nataka apige taratibu." Nikamwambia, dada yangu, hapo tayari umeshachagua mpigaji. Akasema nimezidi maneno.

Siku tulipoiweka ile ya 1981 kwenye sabufa ya fundi, haikufika geuzo la tatu fundi akainuka. "Inavuma hii. Kapasita imechoka." Akazima, akachukua bisibisi, akafungua, akatoa kapasita, akaweka nyingine aliyoinyofoa kwenye redio ya mteja (mteja huyo asome hapa au asisome, imesharudishwa). Akafunga. Akawasha. Mvumo upo pale pale, unapanda piano ikipanda, unashuka ikishuka. Ikabidi nimwambie: huyo ni mpigaji mwenyewe, alikuwa na tabia ya kujiimbia chini chini akipiga. Fundi akakaa kimya, bisibisi mkononi, sikio kwenye spika. "Yaani anaimba, halafu haimbi vizuri, na wakamwachia?" Kisha akasema turudishe mwanzo. Tangu siku ile fundi hataki Goldberg ya mtu mwingine. Anasema wengine wanapiga kama nyumba isiyo na mtu.

Mwalimu alikuwa anayasikiliza haya yote kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha darasa la wanafunzi tisini. Hoja yake ni fupi. "Nota ni nota. Handel kaandika do, wewe ukiimba re umekosea, na jina lako halisaidii kitu." Ni hoja ya mtu wa solfa, na naiheshimu. Yeye kazi ya Handel, mtunzi wa enzi za Bach, aliipokea ubaoni, herufi kwa herufi, sauti nne, bila santuri wala redio. Waliojifunza hivyo wanaubeba muziki kichwani kwa namna ambayo sisi wa flashi hatutaiweza.

Kwa hiyo nilimfuata huko huko kwa Handel. *Messiah*, utungo wake mrefu wa kwaya na okestra, iliandikwa kwa siku 24 mwaka 1741 na kuimbwa Dublin mwaka uliofuata, na kipande chake kimoja wanakwaya wetu wanakiita Aleluya Kuu. Pasaka ikifika, Lindi na Mtwara utakisikia kwa Kiswahili. Nikampigia kwanza ya Thomas Beecham ya mwaka 1959: okestra kubwa, matoazi yanapasuka, vumbi linatoka darini. Mwalimu akafumba macho. "Hii ndiyo Pasaka." Halafu nikampigia ya Christopher Hogwood, iliyotoka mwaka 1980, vyombo vya mtindo wa enzi za Handel mwenyewe, watu wachache, sauti za juu zimeshikwa na watoto wa kiume, mwendo mwepesi. Akafumbua macho. "Hawa wanawahi basi."

Dada alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nota si zilikuwa nota?

Ila na mimi nilipata zangu. Fundi ni mtu wa visa. Alhamisi iliyofuata akaweka ile ya tano bila kusema chochote, akaniuliza, haya bwana majina, nani huyo? Nikasikiliza dakika nzima, nikatikisa kichwa kitaalamu, nikasema Kleiber, Vienna. Alikuwa Karajan, Berlin, 1962. Mwalimu alinishika mkono kunipa pole, na pole ile ilikuwa na furaha nyingi mno ndani yake. Basi. Masikio yangu siyatetei. Ninachotetea ni jina kuandikwa juu ya faili, kwa sababu ningekuwa nayaamini masikio yangu nisingelihitaji.

Alhamisi iliyopita Mwalimu alikuja na kitu kwenye mfuko wa shati. Kaseti. Juu yake neno moja kwa kalamu ya wino, "Pasaka", na zaidi ya hapo hakuna kitu. Alisema ni kwaya yake, Lindi, redio kaseti iliwekwa juu ya benchi la mbele. Fundi alisugua hedi kwa pamba na spiriti, akauzungusha mkanda kwa kidole kwanza ili ulegee, akabonyeza.

Aleluya Kuu, kwa Kiswahili, na nyuma yake mtoto analia. Kadiri walivyoimba ndivyo walivyozidi kupanda na kuharakisha, mwishoni besi zinasikika kama vijana. Nikafikiri ni msisimko. Fundi akasema hapana, betri zilikuwa zinakwisha wakati wa kurekodi. Mkanda ulikwenda taratibu, sasa ukichezwa kwa mwendo wake wa kawaida kila kitu kinakimbia.

Mwalimu hakuwa anatusikia. "Hiyo sauti ya kwanza ni binti wa karani wa bandari," alisema. "Huyo anayechelewa ni besi wetu, fundi cherehani, hata mazoezini alikuwa anachelewa. Sikieni hapo, sikieni, alto wamepotea, anawarudisha yule mama wa Mitwero." Aliwataja mmoja mmoja, kwa majina yao yote na ya baba zao.

"Mwaka gani, Mwalimu?" dada akauliza.

Akawaza. "Themanini na sita." Akawaza tena. "Hapana. Betri zilikuwa za kuomba. Themanini na nne."

Fundi akanipa kalamu yake ya kuandikia redio za wateja. Chini ya "Pasaka" nikaandika Lindi, nikaandika 1984 na alama ya kuuliza, nikamwomba Mwalimu aanze upya na sauti ya kwanza, polepole. Nafasi iliisha kwenye alto wa tatu. Fundi akakata kipande cha boksi.