Samahani kwa Usumbufu

Mtu aliyewekwa kwenye orodha ya kusubiri na chuo cha udaktari nchini Marekani hajakubaliwa wala hajakataliwa. Yuko kama mgeni aliyepiga hodi, akasikia kiti kikisogezwa ndani, kisha kimya. Akipiga tena ataonekana king'ang'anizi, na akinyamaza wenye nyumba watadhani ameshakwenda zake. Mimi nilisimama mlangoni hapo tangu Februari, nikiwa nimeapa kwamba hodi yangu ya pili itakuwa moja tu, ya kiungwana, na isiyomkera mtu.

Mambo yenyewe yana utaratibu. Mwombaji hujaza fomu moja ya AMCAS, huduma ya pamoja ya kupokea maombi ya vyuo vya udaktari, nayo hupelekwa kwenye vyuo vyote alivyovichagua. Vyuo humtumia maswali yao ya nyongeza, wachache huitwa kwenye usaili, na nafasi hutolewa kidogo kidogo kadiri kamati za udahili zinavyokutana. Orodha ya kusubiri huanza kuchangamka karibu na Aprili 30, kwa sababu siku hiyo ikifika, wenye bahati ya kukubaliwa na vyuo vitatu au vinne hutarajiwa kubaki na kimoja na kuviachia vingine. Sisi tulio kwenye orodha huwatazama watu hao kama kuku anavyomtazama mtu anayetafuna mahindi.

Mshauri wangu wa masomo alikuwa amenipa masharti mapema. Barua ya shukrani hutumwa siku moja au mbili baada ya usaili, nayo iwe fupi. Barua ya habari mpya huandikwa pale tu habari zenyewe zinapokuwepo, kama vile alama za muhula, utafiti uliochapishwa au kazi mpya. Kuiambia kamati kwamba bado unakipenda chuo chao, alisema, si habari, maana hilo walishalijua ulipolipa ada ya maombi. Mwisho kabisa ni barua ya nia, ambayo hupelekwa kwa chuo kimoja tu, ikiahidi kwamba wakikupa nafasi utaviacha vyuo vingine vyote. Si mkataba na hakuna atakayekupeleka mahakamani, lakini kuituma kwa vyuo viwili ni sawa na kuposa nyumba mbili siku moja. Juu ya yote hayo, lazima kwanza usome maelekezo ya chuo chenyewe, kwa kuwa vingine huzipokea barua hizo, vingine hutaka zipandishwe kwenye tovuti yao, na vingine hutamka wazi kwamba baada ya usaili havitaki kuletewa kitu chochote. Changu kilikubali kupokea ukurasa mmoja, kwa barua pepe.

Ukurasa huo ulinichukua siku 11. Nilipoumaliza nilimpelekea dada yangu, ambaye ni muuguzi na hana subira na watu wa maneno mengi, naye akanirudishia ukiwa na maoni yake pembeni. Kwenye aya ya kwanza aliandika, "Hapa unalia." Kwenye aya ya pili aliandika, "Hapa unaongea kama mtu anayedai deni." Na pale nilipokuwa nimeeleza, kwa unyenyekevu ambao binafsi niliuonea fahari, kwamba sipendi kuisumbua kamati, aliandika, "Basi usiisumbue. Futa."

Nilifuta. Baada ya hapo nilitumia jioni nzima kuichagua saa ya kutuma. Usiku ungeonyesha kwamba silali, alfajiri ingeonyesha kwamba nimeamkia wao, Jumatatu wana kazi nyingi, na Ijumaa mawazo yao yako kwingine. Niliamua iwe Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, saa ya mtu mwenye shughuli zake ambaye, katikati ya shughuli hizo, amekumbuka kwamba kuna chuo cha udaktari.

Saa nne na dakika kumi nilituma ujumbe uliosema kwamba nimeambatisha barua. Sikuwa nimeambatisha barua.

Saa nne na dakika kumi na mbili nilituma tena, safari hii nikiwa na kiambatisho, na nikaongeza chini yake, "Samahani kwa usumbufu." Nilikifungua kiambatisho ili nijipongeze, nikakutana na maneno "Hapa unalia" yakiwa pembeni, kwa rangi nyekundu.

Barua safi ilikwenda saa nne na robo, pamoja na samahani nyingine. Hapo ndipo ningeinuka kwenye kiti na kutoka nje, na kisa hiki kisingekuwepo. (Nafasi niliipata baadaye, mwezi wa Mei, ndiyo maana leo naweza kulisimulia jambo hili bila kushika kichwa.) Lakini nilikuwa natumia barua pepe ya taasisi nilikofanya kazi ya maabara, na programu yake ina kitufe cha kuurudisha ujumbe uliokwisha kutumwa. Nilikibonyeza kwa ule ujumbe wenye maoni, kisha nikakibonyeza kwa ule wa kwanza, nikashusha pumzi kama mwizi aliyefuta nyayo zake.

Mwenzangu wa meza ya pili, nilipomsimulia, aliweka kikombe chake chini taratibu. Alinieleza kwamba kitufe kile hufanya kazi pale tu mtumaji na mpokeaji wanapokuwa ndani ya mfumo wa taasisi moja. Mpokeaji akiwa nje, ujumbe haurudi popote, bali yeye hupata ujumbe mwingine unaomwarifu kwamba fulani anaomba kuurudisha ule wa awali. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeigonga kamati begani mara mbili na kuiambia isitazame kule.

Kwa hiyo niliandika ujumbe wa sita, wa kueleza ule wa nne na wa tano, na kuomba radhi kwa wa kwanza na wa pili. Kila nilipotuma, mashine ya ofisi ya udahili ilinijibu papo hapo kwamba ujumbe wangu umepokelewa, na kwamba kutokana na wingi wa barua, waombaji wanaombwa wasiandike zaidi ya mara moja kuhusu jambo lile lile. Ombi hilo nilikuwa nalo mara sita.

Kupiga simu nilikuwa nimejikataza kabisa. Saa tisa alasiri simu ilikuja yenyewe. Alikuwa karani wa ofisi ya udahili, mama mwenye sauti tulivu sana.

"Mfumo umeziingiza zote kwenye faili lako," alisema. "Nataka kujua kamati isome ipi."

"Ya mwisho, tafadhali."

"Ya mwisho ni ya kuomba radhi."

"Basi iliyo kabla yake."

"Hiyo inasema unaomba ujumbe urudishwe. Na iliyo kabla yake vilevile."

"Ya tatu," nilisema. "Ya tatu kutoka mwanzo."

Nilisikia karatasi ikigeuzwa, kisha nyingine, kisha kimya kirefu, na nikajua kabisa ni ukurasa gani ulio mbele yake.

"Huyu aliyeandika pembeni," aliniuliza, "naye ameomba nafasi kwetu?"

"Hapana, mama. Ni muuguzi."

"Pole yetu," alisema, akaniaga.

Nilifungua ujumbe mpya hapo hapo, nikaandika, "Nakushukuru sana kwa kunipigia, na samahani kwa," kisha nikasita na kumpigia dada. Nilimsomea nilichokuwa nimeandika. Hakuningoja nifike mwisho.

"Futa," alisema.