Doriani Chini ya Kanyagio

Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, haina mlango kati ya rubani na abiria, na rubani akiwa peke yake, kiti cha mbele kulia hukaliwa na abiria. Safari ile alikaa mzee wa Wete, kanzu safi na kofia ya viua, nikamwomba miguu aikunje na mikono aiweke magotini. Nyuma yake Bi Mkubwa alisukuma pakacha chini ya kiti.

"Embe tu, mwanangu."

Kutoka Pemba hadi Unguja ni kama nusu saa. Nilianza kushuka kutoka futi 6,500 tukiwa maili 25 nje, futi 500 kwa dakika, ili masikio ya watu yasiume. Ilikuwa kaskazi, saa nane mchana. Wakati huo ardhi ya Unguja imeshapata moto kuliko bahari, hewa inapanda juu ya kisiwa na kuzama juu ya maji, na ndege inayopita mpakani hurushwa huku na huku. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla hujaingia. Caravan yenye uzito kamili isizidi noti 148 (noti ni maili ya baharini kwa saa), na ikiwa nyepesi, punguza zaidi, maana ndege nyepesi hutupwa kwa urahisi. Nikazima otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege yenyewe, nikashika pua pale pale, kimo nikakiacha kipande na kushuka kitakavyo. Anayepigania kila futi huichosha ndege na kuwatapisha abiria.

Tukarushwa mara ya kwanza. Sauti ikatoka nyuma: "Rubani! Gesi inavuja!"

Nikanusa. Mafuta ya ndege hayanuki vile. Lile lilikuwa tunda la doriani, tena lililoiva likapitiliza.

"Bi Mkubwa, embe hizo?"

"Embe zipo juu."

Mnara wa uwanja ukanipa njia ya kutulia namba 36, inayoelekea kaskazini, upepo kutoka digrii 050, yaani kaskazini-mashariki, noti 15, dharuba 25. Hesabu yake: dharuba hiyo inakupiga ubavuni kwa noti 19, na waliounda Caravan waliionyesha ikitua kwenye noti 20 za ubavuni. Nafasi ipo, nyembamba. Niliweka fulepu, vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, digrii 20 badala ya 30, maana fulepu kamili huipa dharuba mahali pa kushika. Mwendo noti 85, nikaongeza 5, yaani nusu ya tofauti kati ya upepo na dharuba.

Juu ya Chukwani, kabla ya kuufikia uwanja, tulikuja upande upande, pua imeelekezwa upepo unakotoka. Karibu na ardhi rubani hulaza bawa la upande wa upepo, kwetu la kulia, na kukanyaga kushoto ili pua inyooke na njia. Hewa ikatuangusha ghafla, pakacha likapinduka, na kwa kuwa pua ilikuwa chini, doriani likaja mbele. Likapita kati ya miguu ya mzee, likajikita mbele ya kanyagio lake la kushoto.

Makanyagio ya pande zote mbili yameunganishwa. Nikakanyaga kushoto: likaenda kidogo, likagota.

Hapo hakuna mjadala. Ukitua pua ikiwa upande, magurudumu hukokotwa kwa ubavu na ndege inaweza kutoka njiani. Nikasukuma kipini cha nguvu, taratibu lakini moja kwa moja, nikainua pua. Nguvu nyingi huivuta Caravan kushoto, ikataka kanyagio la kulia, na hilo, alhamdulillahi, lilikuwa huru. Fulepu zikabaki 20 mpaka tulipopanda vizuri, kisha 10, kisha sifuri.

Mnara ukauliza sababu ya kughairi kutua.

"Doriani."

Kimya. "Rudia."

"Doriani. Chini ya kanyagio."

Kwenye futi 1,000 nikamgeukia mzee. "Shikamoo mzee wangu, naomba ulitoe hilo, ila kanyagio usiliguse."

Akainama, akachomwa, akarudi juu. "Yakhe, hili lina miiba!" Akavua kofia, akaivaa mkononi kama glavu huku akilalamika kwamba ni ya Idi, akainama tena. Ndege ikatupwa, kichwa chake kikagonga dashibodi. Kisha akanyanyuka na doriani mapajani, akalikumbatia, miguu yote akaipandisha kitini.

Nikajaribu makanyagio mpaka mwisho, kushoto na kulia. Mara ya pili bawa la kulia likalala, pua ikanyooka, gurudumu la kulia likagusa peke yake, la kushoto likafuata, la pua mwisho. Usukani niliuzungusha zaidi kulia kadiri mwendo ulivyopungua, maana ndege iliyoko chini bado huinuliwa bawa na upepo, na ndipo nikarudisha kipini nyuma prapela isaidie kusimamisha.

Mlangoni mzee alimkabidhi Bi Mkubwa mzigo wake bila neno, kofia imejaa matundu. Bi Mkubwa akaligeuza doriani, akalinusa, akanitazama.

"Mwanangu, umelikanyaga."