Suti ya bosi niliivaa mara moja tu, acheni kuzidisha

Naandika hii kwa sababu kuna mtu ofisini kwetu, jamaa wa kompyuta, simtaji, ameshaweka kwenye stetasi yake eti "kuna watu Dar wanakodisha zawadi ya bosi kwenye maharusi" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, saba, nimevihesabu. Sijakodisha. Nilivaa. Mara moja. Siku ya kupima kwa fundi haihesabiki na mnajua haihesabiki. Toka ijumaa simu inaita tu, mpaka shemeji yangu wa Morogoro kanipigia, salamu hamna, "suti imesharudi kwa mwenyewe?" Sasa bora niseme mwenyewe, maana hilo toleo la stetasi ukilisoma unaweza kudhani hata bi harusi nilimuoa mimi.

Desemba za ofisini mnazijua. Tarehe 1 asubuhi Mama Uhasibu kafungua grupu, "ZAWADI YA MZEE, SIRI", tumo watu 23, bosi hayumo. Elfu kumi na tano kila kichwa. Chini orodha, namba na jina, ukituma unawekewa tiki ya kijani, usipotuma jina lako linabaki pale uchi watu wanalipita kama jirani aliyefungiwa maji.

Mi ndo nilipinga. Nasema wazi. Niliandika ujumbe mrefu mpaka simu ikapata joto, kwamba zawadi kazini inatakiwa itoke juu ishuke chini, sio sisi wa chini tuipandishe, mi Januari nina ada ya watoto wawili na kodi ya miezi sita mwenye nyumba anaitaka yote kwa mkupuo, yeye Januari ana nini? Nikawapelekea na Marekani, maana nilishasoma hilo jambo, kule mfanyakazi wa serikali kuu haruhusiwi kumchangishia bosi wake zawadi ya Krismasi, akitaka kumpa cha kwake mwenyewe kwa sikukuu kisizidi dola 10, kuchangishana wamewaachia mambo ya nadra kama mtu kaoa, kapata mtoto au anastaafu. Nikamalizia na hapa hapa kwetu, kwamba viongozi wa umma wana sheria yao ya maadili toka mwaka 1995 na zawadi zimo humo. Nikabonyeza tuma, nikaegemea kiti, nikajiona wakili msomi.

Mama Uhasibu akajibu: "Baba Junior, hapa ni Tabata."

Afu chini yake: "Na hatuko serikalini."

Watu kumi na moja wakaweka kidole gumba. Huyu huyu wa kompyuta akanifuata pembeni inboksi, "kaka umeongea pointi sana," nikafarijika, kwenda kucheki orodha jamaa ana tiki, tena namba mbili. Namba moja ni Mama Uhasibu mwenyewe.

Wanasema ni hiari. Hiari gani ina orodha? Nikavumilia siku tatu, siku ya tatu usiku nikatuma, na makato juu.

Sasa hela ikatimia, laki tatu na arobaini na tano, ikaja hoja ya anunuliwe nini. Wa saa, wa viatu, mmoja akasema mbuzi akazomewa. Mwisho ikapita suti, ya kushona, kwa sababu bosi ana koti lake moja la kijivu analovaa mpaka tunalisalimia. Tatizo vipimo. Utampimaje mtu kwa siri? Mama Uhasibu akatuangalia mmoja mmoja pale kikaoni, jicho likaja likatua kwangu.

"Simama."

Nikasimama.

"Geuka. Kaa ubavu. Usivute tumbo, pumua." Afu akawageukia wenzake, "Si ndo yeye mtupu? Kitambi hiki na kile cha bosi ni mapacha."

Kwa hiyo mi niliyepinga mchango ndo nikachangishwa na mwili. Nikapelekwa Buguruni kwa fundi, nimenyoosha mikono kama naongoza magari, fundi anaita namba na mtoto wake anaandika, walipofika tumboni fundi akasema "rudia hapo" wakapima mara mbili.

Suti ikaisha mapema, alhamisi ya tarehe 11. Fundi akimaliza kabla ya siku aliyoahidi ujue kuna balaa linakuja, ila mi sikushtuka. Nikaambiwa nikae nayo nyumbani, ofisini bosi anaweza kuiona. Nikaitundika mlangoni chumbani. Bluu ya giza, bitana ya hariri, vifungo vinang'aa. Ikawa inaniangalia.

Na jumamosi ya tarehe 13 tulikuwa na harusi Sinza. Hapa msianze na maswali yenu ya "ulilalamikia elfu kumi na tano, harusini ulitoa ngapi", nilitoa laki na nusu, dabo, kwa vipande vinne, mambo ya ukoo ni mambo ya ukoo. Jumamosi jioni natoa suti yangu, ile ya harusi yangu ya mwaka 2014. Suruali ikapanda hadi mapajani ikagoma. Nikalala kitandani nikaivuta kwa staili ya kulala, kifungo kikaruka kikagonga dirisha.

Shemeji yenu kasimama mlangoni kajifunga mtandio wake, ananiangalia, afu anaangalia kule mlangoni ilipotundikwa ile nyingine. Kimya. Afu akasema maneno mawili tu.

"Kwani itaisha?"

Jamani. Nikapiga hesabu. Nimechanga, tuko 23, kwa hiyo moja ya ishirini na tatu ya ile suti ni mali yangu halali, tuseme mfuko mmoja na kifungo. Na mfuko wangu ukienda harusini, suti iliyobaki itabaki nyumbani na nani? Nikavaa.

Aisee mlioniona siku ile semeni ukweli. Mlangoni kadi yangu haikuangaliwa mara mbili, jamaa kaweka alama ya kalamu kanirudishia kwa mikono miwili, "karibu mheshimiwa." Tukapelekwa meza ya mbele. MC akanitaja, hanijui, kasema "na wale viongozi wetu pale tunawaona." Nilikula pilau nimejifunika tishu nne kifuani kama mtoto anayenyolewa, sikuegemea kiti, sikucheza zile nyimbo za kurukaruka, nilitikisa kichwa tu kikubwa kikubwa. Tukarudi salama. Kesho yake nikaipiga brashi, nikaitundika kwenye hewa, nikapiga pasi kwa juu ya kanga, nikakagua mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, mifuko ya suruali. Safi. Nikaipeleka stationari ikafungwa kwenye boksi na karatasi ya dhahabu na ua la riboni juu.

Mfuko wa ndani ya koti. Huo sikuukagua. Wanaume wenzangu mnaujua ule mfuko, upande wa moyo, ukiwa hujazoea suti unasahau kama upo.

Ijumaa tarehe 19, sherehe ya kufunga mwaka, chumba cha mikutano, viti vya plastiki, soda kwenye beseni la barafu. Hotuba zikapita. Boksi likaletwa na dada wa mapokezi huku watu wanapiga makofi yale ya kwa mdundo. Bosi akafungua taratibu, ni mtu wa taratibu, hachani karatasi, anabandua gundi kwa kucha. Akaliinua koti juu. Watu "oooooh." Akavua lile la kijivu. Akaingiza mkono wa kulia. Akaingiza wa kushoto. Akatikisa mabega, likatua.

Nawaambia lilimkaa. Hata mimi nilijisikia fahari kidogo, maana huo ulikuwa mwili wangu ukifanya kazi.

Akainamisha pua begani. Akanusa. "Mh! Mpaka marashi mmeweka?"

"Tumejipanga bosi!" Mama Uhasibu huyo, meno yote nje.

Marashi gani. Ule ni udi wa shemeji yenu, mtu wa Tanga yule, chochote kinacholala chumbani kwetu kinatoka na udi. Hapo ndo tumbo likaanza kuniuma.

Sasa bosi akafanya kile ambacho mwanaume yeyote akivaa koti jipya anakifanya. Akapiga mfuko wa kushoto. Akapiga wa kulia. Mi bado natabasamu. Afu mkono ukapanda. Nikauona unapanda. Ukapita kifungo cha kwanza, ukaingia ndani ya koti, upande wa moyo, na mi moyo wangu ukasimama kumsubiri. (Mnaosema "ningekuwa mimi ningetoka mbio", mlango ulikuwa nyuma ya bosi.) Akagusa kitu. Uso ukabadilika kama mtu aliyeingiza mkono kwenye kapu akakuta kinasogea.

Kikatoka kifurushi cha tishu ya pinki, kimefungwa kifundo kidogo cha adabu. Akakifungua. Keki. Kipande cha keki ya harusi chenye sukari ya bluu juu, cha siku sita, kimekakamaa kama kipande cha sabuni. Shemeji yenu alimuwekea Junior. Hakuniambia. Anasema aliniambia.

Chumba kimya. Mama Uhasibu bado anajaribu kuokoa jahazi, akasema "eeh... utamu, bosi, tunakutakia mwaka wenye utamu!" na kuna watu walipiga makofi, wawili.

Mkono ukarudi tena ndani. Kijiti cha kuchokolea meno. Kimetumika. Akakiweka mezani pembeni ya keki, kwa heshima zote. Mkono ukarudi mara ya tatu.

Kadi.

Bosi hakuwa na miwani. Angekuwa nayo pengine angesoma kimoyomoyo yakaisha. Akampa dada wa mapokezi, na huyu dada jamani amesomea utangazaji, akipewa hata risiti ya luku anaisoma kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Akakohoa kidogo akasafisha koo. "Kamati ya maandalizi ya harusi... inayo furaha kubwa kuwakaribisha... Bwana na Bibi..." na akalisoma jina langu. Yote matatu, mpaka la babu. Akanyamaza kidogo. "Dabo."

Nikawa mdogo kama piritoni.

Bosi akageuka, mtulivu kabisa. "Huyu nani? Ndo fundi?"

Hapa naomba mnielewe. Miaka minne niko kwenye ile kampuni, mi ndo napanga magari yote, na bosi halijui jina langu, wanaume wote anatuita "kijana wangu" wakati mi nina miaka arobaini na moja. Siku zote lilikuwa linaniuma. Siku ile nikamshukuru Mungu kwa hilo. Mlango umefunguka, fundi kasahau kadi yake mfukoni, fundi wa hovyo sana huyu, mi nilishaanza kutikisa kichwa kukubali, mpaka Mama Uhasibu naye kaanza kutikisa, tukawa tunatikisa wote.

Mzee wa Stoo. Mzee wa kanisa, hajawahi kudanganya toka azaliwe. Akainuka na soda yake mkononi. "Hapana bosi. Ni huyu hapa, wa magari."

Bosi akaniangalia usoni. Akaangalia kitambi changu. Akaangalia kitambi chake ndani ya koti. Akarudi kwangu.

"Kumbe," akasema polepole, "jumamosi nilikuwa harusini."

Na mi badala ya kunyamaza, kwa nini sinyamazi jamani, nikasikia mdomo wangu unasema: "Bosi, huo mfuko ndo fungu langu."

Basi. Jamaa wa kompyuta alianguka na kiti cha plastiki, mguu umevunjika, wa kiti. Bosi alicheka mpaka akakaa, akala pilau na koti lile lile mwilini, akaondoka nalo. Mama Uhasibu ndo hakucheka. Nyumbani nilimsimulia shemeji yenu, akaniuliza swali moja, keki ya mtoto iko wapi.

Jumatatu nimepishana na bosi kwenye ngazi, kanipa mkono. "Bwana Dabo, habari za asubuhi." Na jana usiku saa nne Mama Uhasibu kapandisha orodha mpya kwenye grupu: "DOBI WA SUTI YA MZEE, elfu nane." Namba moja jina langu. Namba mbili hamna. Jamaa wa kompyuta kaweka kidole gumba, afu kanifuata inboksi, "kaka hii sio haki kabisa."