72 Seasons imezidi urefu, lakini wimbo wa mwisho msiuguse

Aprili 2023 kwa wengine ni zamani. Kwetu sisi wapenzi wachache wa hevi metali hapa Mwanza, 72 Seasons, albamu ya bendi ya Kimarekani ya Metallica, bado ndiyo "ile mpya", na ubishi wake haujapoa. Tunakutana Mabatini, kwenye duka la spea za pikipiki la jamaa yetu mmoja, jioni wateja wakishapungua. Kila mtu anakuja na hukumu yake. Mama ntilie wa jirani ana hukumu moja kwa albamu zote, na huitoa kwa kuanza kuimba pambio.

Hukumu inayopendwa kuliko zote ni hii: jamaa wameisha, warudi kule kwao 1986. Mwaka huo walitoa Master of Puppets, nyimbo 8, dakika zisizofika 55. James Hetfield, mwimbaji wao, alikuwa na miaka 22. Hii ya sasa imetoka akiwa na 59, na kumdai mtu wa umri huo hasira za kijana ni kumtaka aigize. Halafu albamu yenyewe inazungumzia umri. Misimu 72 ni miaka 18 ya kwanza ya maisha, kwa hesabu ya wenye misimu minne kwa mwaka (sisi wa huku ziwani, wenye vuli, masika na jua, tutapiga hesabu yetu). Na Hetfield ana ya kusimulia kuhusu miaka hiyo. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka 13. Mama yake alifariki kwa saratani mwana akiwa na 16, na imani ya dhehebu lao ilikuwa haikubali dawa. Mwaka 2019 bendi iliahirisha ziara ili yeye arudi kutibiwa uraibu. Sauti yake humu imetulia kuliko zamani, na mimi naona ilistahili itulie.

Hukumu ya pili ndiyo inayonichosha: "Imerekodiwa vibaya, magitaa hayasikiki." Najua inakotoka. Sabufa ya pale dukani ilinunuliwa kwa ajili ya amapiano na bongo fleva. Besi imefunguliwa mpaka mwisho, wimbo ukianza nati zilizo kwenye vikopo vya rafuni zinacheza zenyewe. Sasa gitaa la hevi metali makazi yake ni katikati, juu ya besi na chini ya zile sauti kali za matasa ya ngoma, na hapo katikati ndipo sabufa nyingi za madukani zilipo dhaifu. Siku moja tulirudisha kitufe cha besi karibu na sifuri. Mlalamikaji yuleyule akauliza kama tumebadilisha wimbo.

Metallica wana madhambi yao ya kweli upande huu, hakuna haja ya kuwatungia mengine. Kwenye ...And Justice for All ya 1988, gitaa la besi la Jason Newsted, mpiga besi wao wa enzi hizo, utalitafuta usilipate. Kwenye St. Anger ya 2003 mpiga ngoma Lars Ulrich aliziachia nyaya za chini ya ile ngoma ya snea, ikawa inalia kama debe, na solo ya gitaa hakuna hata moja albamu nzima. Death Magnetic ya 2008 ilikandamizwa sauti hadi ikakwaruza, mashabiki wakakimbilia nyimbo zilezile ndani ya gemu la Guitar Hero kwa sababu huko zilikuwa safi zaidi. 72 Seasons, iliyotayarishwa na Greg Fidelman pamoja na Hetfield na Ulrich, haina ugonjwa huo. Besi ya Robert Trujillo, mpigaji wa sasa, inasikika vizuri tu, na "Sleepwalk My Life Away" unafunguliwa nayo.

Solo za mpiga gitaa Kirk Hammett siziteti. Ile pedali ya wah-wah, inayolifanya gitaa lilie "wa-wa", imefanya kazi ya kutosha, ipumzishwe.

Imebaki hukumu ya tatu: ndefu mno. Hapo nakubali, ila nusu. Ni nyimbo 12 na dakika 77. Enzi za santuri upande mmoja ulibeba dakika ishirini na kitu, basi bendi ililazimika kuchagua ipi iingie na ipi ibaki studio. Ikaja CD yenye nafasi ya zaidi ya saa nzima, wakaanza kuijaza. Leo kwenye intaneti hakuna ukuta kabisa, na bendi kubwa kiasi hicho sidhani kama kuna anayethubutu kuwaambia "huu uacheni". Matokeo yake ukifika wimbo wa saba na wa nane, "Crown of Barbed Wire" na "Chasing Light", unaona mwendo ni uleule na bando linaendelea kuliwa.

Ajabu ni kwamba wanaolalamikia urefu humnyooshea kidole asiyehusika: "Inamorata", wimbo wa mwisho, dakika 11 na ushee, mrefu kuliko wimbo wowote waliowahi kuutunga. Hapo ndipo tunapoachana. Mtu wa Mwanza aogope urefu wa wimbo? Nenda Bujora, pale Kisesa, siku za Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu.

Nikajaribu hivyo dukani. Nikaacha kuuliza nani anaonaje, nikawa naangalia nani anabaki. "Crown of Barbed Wire" ulipoanza, wawili walikwenda kununua kahawa na fundi akarudia kukaza mnyororo wake. "Inamorata" ulipofika katikati, pale magitaa yanaponyamaza na besi ya Trujillo inabaki ikitembea taratibu, kulikuwa na bodaboda aliyefuata plagi. Alishalipa, plagi iko mkononi, pikipiki inanguruma nje. Akauliza, "Ngosha, hii haijaisha tu?" Nikamwambia bado. Akatoka, akazima pikipiki, akarudi kuegemea kaunta mpaka mwisho.

Kwa hiyo panga langu lingepita katikati ya albamu: ningetoa hizo mbili za saba na nane, pamoja na "You Must Burn!", zibaki nyimbo 9 ndani ya saa moja. Mwenye duka hataki kusikia. Kwake "You Must Burn!" ndio bora kuliko zote, kwa vile ni mzito na hauna haraka, na ameniambia wazi kwamba nikiutoa nitafute duka lingine la kukaa jioni. Basi huo ubaki, kwa ajili ya amani. Hizo mbili sizirudishi.