Mzee wa IC
Wiki iliyopita simu yangu iligoma kuchaji, nikaipeleka Kariakoo kwa kijana mmoja mwenye kimeza chake mlangoni kwa duka la mikoba. Akaifungua, akapuliza vumbi, akachungulia kwa lenzi, halafu akanipa majibu kama daktari: "Dada, chaja yako haina shida. IC ya chaji imekufa." Akanionesha, kitu cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, kumbe IC ni "integrated circuit", saketi nzima ya umeme iliyobanwa kwenye kipande kimoja. Nikamuuliza kwa utani, hivi hii kitu nani alituletea? "Wachina," akacheka, na kuendelea kuchomelea.

Basi nilikaa pale nasubiri huku namfikiria Jack Kilby, mzee wa Kimarekani aliyetengeneza IC ya kwanza, aliyefariki Juni 2005 bila mtu hata mmoja ninayemjua kusema pole. Wenye makampuni ya simu wakifa tunabadilisha profaili siku tatu. Huyu aliyefanya simu iingie mfukoni, kimya. Mimi hilo linaniudhi kidogo, wacha niseme.

Kilby alikulia Great Bend, Kansas. Baba yake aliendesha kampuni ndogo ya umeme, na siku moja dhoruba ya barafu ikaangusha waya zote, mzee ikabidi awatafute wateja wake kupitia watu wenye redio za kurushia mawimbi majumbani. Dogo akaona, akapagawa na redio moja kwa moja. Akaomba MIT, chuo kikubwa cha teknolojia kule Marekani, mtihani ulitaka alama 500, yeye akapata 497. Tatu tu! Kwetu hapo ukoo ungekaa kikao. Akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, Vita ya Pili ya Dunia ikamkuta huko huko, akaingia jeshini na kupelekwa kaskazini mashariki mwa India, kwenye shamba la chai, kutengeneza redio za wapiganaji. Miaka hiyo hiyo vijana wa kwetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, nao walikuwa wanapita India kwenda Burma, ndo wale babu zetu waliokuwa wakikohoa tu ukiwauliza habari za vita. Sisemi walikutana, ila najiuliza ni redio ngapi zilizobebwa mgongoni kule msituni, nzito kama gunia la mahindi. Mtu aliyewahi kutengeneza redio ya kubebwa na binadamu uzito anaujua, hilo ni wazo langu mimi lakini siliachi.

Vita ikaisha, akamaliza digrii 1947, akaoa, akafanya kazi Milwaukee, halafu 1958 akahamia Texas Instruments, kampuni ya vifaa vya elektroniki kule Dallas. Sasa sikia utamu wake. Mwezi Julai karibu kampuni nzima ilienda likizo kwa pamoja, na yeye kwa kuwa alikuwa mgeni hakuwa na siku za likizo, akabaki kwenye maabara karibu peke yake. Shida ya zama zile ilikuwa vipuri vya kuunganisha, yaani kila transista, kila rezista, kila kapasita ilikuwa kitu chake, vyote vinachomelewa kwa mkono, maelfu kwa maelfu, kimoja kikiachia mashine nzima imelala. Kilby akaandika kwenye daftari lake: kwa nini visitengenezwe vyote kwenye kipande kimoja? Tarehe 12 Septemba akawaita mabosi. Kipande cha germaniamu (elementi inayofanana na silikoni) kimegandishwa kwenye kioo, vijiwaya vinaning'inia, kibaya hicho usiombe. Akawasha. Kwenye skrini likatokea wimbi, linapanda linashuka, yaani kitu kinafanya kazi. Basi. Ndo IC ya kwanza hiyo.

Haki yake mwingine nimpe: Robert Noyce wa kampuni nyingine, Fairchild, naye miezi michache baadae alikuja na ya kwake ya silikoni, rahisi zaidi kutengeneza kwa wingi, kampuni zao zikaburuzana mahakamani miaka, lakini Kilby mwenyewe hakuwahi kumnyima Noyce sifa. Tuzo ya Nobel ya fizikia ilipomjia Kilby mwaka 2000 Noyce alishafariki na Kilby akamtaja. Walipomuuliza alifanya nini alipopata habari, akasema alichemsha kahawa. Jitu la karibu mita 2 hilo, linaongea kwa upole kiasi kwamba unasogeza kiti. Mkewe Barbara alikuwa ameshatangulia, amebaki na binti zake wawili na wajukuu watano, wote wa kike, na ukisoma aliyoandika kuhusu maisha yake familia imo, majigambo hamna. Alikuwa na kautani alikoazima kwa mwanafizikia Charles Townes: sungura na biva, yule mnyama anayeziba mito kwa magogo, wanatazama bwawa kubwa la Hoover, sungura anauliza hili umejenga wewe? Biva anajibu hapana, ila limetokana na wazo langu.

Haya yote nikamsimulia fundi, maana foleni ilikuwa ndefu na mdomo wangu haulipiwi. Alikuwa anasikiliza huku kichwa kimeinama, kibanio mkononi, IC mpya inakaa mahali pake. Mwisho akainua macho.

"Kwa hiyo dada, jamaa alikosa likizo?"

"Alikosa."

"Hata mimi sikukuu ya Idi nilikuwa hapa hapa," akasema, akachomeka chaja, kijibetri kikaanza kujaa.