Shemeji na Gramu Sifuri

Shemeji alipofika, santuri ilikuwa inaimba vizuri tu. Nusu saa baadaye mwimbaji alikuwa hajulikani yuko spika gani.

"Besi yako imelegea, shemeji," alisema, na kabla sijajibu bisibisi ilishatoka mfukoni.

Katriji ya gramafoni yangu, kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, ina sumaku ndani. Bisibisi yake ilikuwa ya chuma. Ukiisogeza taratibu huhisi kitu, ila ikikaribia, inanyakuliwa. Tik! Na kile kifuniko cha sindano, ambacho hakipaswi kutoka bisibisi ikiwa karibu, alikuwa amekitoa "ili aone vizuri." Kijiti kinachobeba sindano, chembamba kama unywele mnene, sasa kilikuwa kinatazama dirishani.

Kwa bahati, sindano ya katriji za aina hii huchomolewa na kuwekwa nyingine bila kugusa skrubu, na ya akiba nilikuwa nayo. Lakini shemeji hakuishia hapo. Alikuwa ameshachomoa waya zote nne "kusafisha kutu," akazirudisha kwa kukisia. Nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu hasi yake; nyekundu ni chanya ya kulia, kijani hasi yake. Yeye alibadilisha nafasi za nyekundu na kijani. Spika moja ikawa inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi zikauana katikati ya chumba. Ile besi iliyolegea sasa haikuwepo kabisa.

"Ni uzito huo," akaamua.

Mtengenezaji wa katriji anataka sindano iikandamize santuri kwa gramu 1.8. Kwanza unaweka kizuia-mvuto cha pembeni, kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri, kwenye sifuri, unazungusha uzito wa nyuma mpaka mkono unaobeba katriji uelee sawasawa hewani, halafu unageuza pete ya namba peke yake isome 0. Kuanzia hapo uzito na pete huzunguka pamoja mpaka 1.8. Shemeji mkono ulipoelea tu, aligeuza pete peke yake moja kwa moja mpaka 1.8. Pete ikasema gramu 1.8, sindano ikabeba sifuri. Aliposhusha mkono, ukagoma kutua, ukawa unapepea juu ya santuri kama mbu anayechagua mguu.

"Mkono umekufa. Leta sarafu."

Sarafu! Gramu kadhaa juu ya kijiti kile! Nikamwomba kwa heshima zote akae kwenye kochi.

Nikazirudisha waya kwa kibano. Skrubu za katriji nazo alikuwa amezilegeza, kwa hiyo nikachukua karatasi ya kupimia, ile yenye alama mbili, milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya sahani. Kijiti kikae sambamba na mistari kwenye alama zote mbili. Usidanganywe na ubavu wa katriji. Skrubu nikazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, maana ukimaliza moja kwanza katriji inageuka. Kisha uzito upya, kwa sababu katriji ikisogea mbele hata kidogo mizani yote inabadilika. Kizuia-mvuto nikakipa namba ileile ya uzito.

Mwimbaji akarudi katikati. Shemeji akasikiliza wimbo mzima amefumba macho, akatikisa kichwa.

"Umeisikia hiyo besi? Nilikwambia ilikuwa inahitaji fundi."