Chanjo ya Bure Ipo, Ila Sio Hapa

Jamani wazee wenzangu mliobeba boksi Marekani hii mpaka mgongo ukaomba poo, hivi ni mimi tu au na nyie mnazungushwa hivihivi? Maana mimi nilijua nikishastaafu, nikishika ile kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya huku kwa sisi wazee, ya karatasi yenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu, basi mambo kwisha, naingia popote nakunja shati nachomwa sindano natoka. Kumbe wapi! Kadi ni moja ila nyuma yake kuna mafungu, wenyewe wanaita Part, A ya kulazwa, B ya daktari, C ya kampuni binafsi na D ya dawa, mtu na uzee wangu nimerudishwa kusoma herufi, na kila herufi ina mambo yake na makato yake na barua zake, halafu chanjo zenyewe wamezigawa mafungu mawili, nyingine ziko B nyingine D, ukipeleka ya D kwenye mlango wa B wanakuangalia wewe, wanaangalia kadi, wanakuangalia tena.

Mwaka juzi nimeenda kliniki kucheki afya, hapa Columbus, Ohio. Daktari kanipima kila kitu, akaniambia mzee kwa umri wako unatakiwa uchanjwe mafua, nimonia, mkanda wa jeshi na pepopunda. Nikasema sawa daktari, mikono ninayo miwili, anzeni. Nesi akaja akanichoma mafua kulia, ile dozi ya wazee yenye nguvu zaidi, akanichoma nimonia kushoto, mimi bado nimekunja mikono ya shati nasubiri, yeye anavua glavu! Namuuliza mbona hatujamaliza, ananiambia hizo mbili zingine nenda duka la dawa.

Duka la dawa? Nimekuja hospitali, nimelipia paking, daktari yupo, wewe upo, sindano mnazo, mnanituma dukani? Na wanaojua maduka ya dawa ya huku wananielewa, sio lile duka letu la Bongo lenye dirisha la waya na dada mmoja anayekuuliza unaumwa nini. Hili la huku ni supamaketi. Unaingia unapita chipsi, unapita soda, unapita kadi za bethdei na mafuvu ya plastiki ya Halloween, unakatiza kwenye pampasi ndio unaikuta kaunta ya dawa huko mwisho kabisa, na pembeni kuna kiti kimoja na pazia la kusukuma, hapo ndipo unapochomwa mkanda wa jeshi huku nyuma ya pazia mtoto analilia peremende.

Nikamng'ang'ania nesi, nikamwambia nichomee hapahapa mwanangu, miguu inauma. Akasema inawezekana, ila hiyo ni Part D na kliniki yao haiwezi kuidai D moja kwa moja, kwa hiyo nilipe mwenyewe kwanza, halafu nichukue risiti, nijaze fomu, niitume kwa kampuni ya bima yangu ya dawa, nisubiri warudishe. Nikauliza ni shilingi ngapi. Dola zaidi ya 200. Kwa sindano moja. Na ya mkanda wa jeshi, ile Shingrix, ni sindano mbili, ya pili unarudia baada ya miezi miwili mpaka sita. Nikashusha shati taratibu, nikamwambia hilo duka liko upande gani.

Sasa pepopunda ndio ilinimaliza kabisa. Nikamuuliza na hii nayo ni dukani? Akaniuliza, umejikata popote? Nikasema hapana, nashukuru Mungu. Akasema basi dukani, hiyo ni D, ni ya kujikinga. Nikamuuliza, na ningekuwa nimekanyaga msumari? Akasema ahaa, hapo ni B, tungekuchoma hapahapa. Yaani sindano ni ileile, mkono ni uleule, mzee ni yuleyule, tofauti ni msumari! Nikakaa kwenye kile kiti najiuliza hivi nitoke hapo nje nikatafute ubao wenye misumari ndio nihudumiwe? Na usidhani msumari una nafuu, wapi, kwa hiyo ya msumari unamaliza kwanza kile kiwango chako cha mwaka cha kulipa mwenyewe, halafu unachangia asilimia 20. Ya bila msumari ni bure, senti moja hutoi. Nimerudi nyumbani nikamkuta mama watoto kwenye bustani yake ya mchicha na matembele, yuko na ndala anachokoa udongo na reki yenye kutu, nikapiga kelele toka dirishani mama eeeh, toka hapo, usijikate kwanza, nenda dukani ukachanjwe ikiwa bado bure! Majirani Wazungu walichungulia.

Nikasema haiwezekani, lazima kuna mtu alikaa akapanga hivi, nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe hakuna aliyepanga, ndio ubaya wake. Medicare aliisaini rais Johnson mwaka 1965, na wakati huo iliwekwa kwa ajili ya mgonjwa, ukiumwa unatibiwa, habari ya kujikinga haikuwemo. Baadaye Bunge la kwao likawa linachomeka chanjo mojamoja kwenye Part B, nimonia ikaingia 1981, homa ya ini B ikaingia 1984 kwa wale walio hatarini, mafua yakangoja mpaka 1993, na korona ikaongezwa mwaka 2020 hata chanjo yenyewe haijatoka. Hapo katikati ndio ikazaliwa Part D ya dawa, ikaanza kazi 2006, ikaambiwa chanjo zote ambazo B haizijui chukua wewe. Ndio maana mkanda wa jeshi uko D, pepopunda ya kujikinga iko D, na ile ya RSV, kirusi cha kifua, iko D. Na D ilijengwa kwa ajili ya maduka ya dawa, mashine zao ndizo zinazoongea na bima papo hapo, kompyuta ya daktari haiongei. Kwa hiyo mimi na goti langu bovu nazunguka mjini kwa sababu kompyuta mbili hazisalimiani.

Na kumbe, hapa ndipo nilipokasirika kweli, duka la dawa lenyewe linachanja zote. Za B wanachanja, za D wanachanja. Mafua, nimonia, korona, mkanda wa jeshi, zote palepale kwenye kile kiti cha pazia. Ina maana kama mtu angeniambia toka mwanzo mzee nenda dukani na kadi zako zote, ningemaliza siku moja. Ila hakuna anayekuambia, kila mtu anakuambia kipande chake.

Kadi zenyewe sasa. Usiende na ile ya rangi tatu peke yake ukadhani umefika. Hiyo ni ya B. Kwa za D wanataka kadi ya ile kampuni uliyojiunga nayo ya bima ya dawa, na wale wenzetu walioingia Part C, hiyo inayoitwa Advantage, wana kadi yao nyingine tena na wanatakiwa waangalie duka liwe ndani ya mtandao wa bima yao. Yupo bwana mmoja tunasali naye alihamia huko kwa sababu walimwahidi meno na jimu. Jimu! Mzee ana miaka 71, tangu azaliwe hajawahi kukimbia isipokuwa kukimbiza basi. Sasa duka lililo mita chache toka kwake haliko kwenye mtandao wao, anapanda gari kuvuka mji kwenda kuchomwa, nikamwambia ndio jimu yenyewe hiyo.

Kijana wa kaunta naye, umri wa mjukuu wangu wa pili, ananiita kwa jina langu la kwanza kwa sauti duka zima lisikie, hamna shikamoo hamna mzee, "uko tayari kwa shingles yako?", ndio mkanda wa jeshi kwa Kiingereza chao. Nimeshazoea bwana. Ila nikiri kazi aliifanya vizuri, kaingiza kadi kwenye kompyuta, kasubiri kidogo, kaniambia sifuri. Nikamwambia rudia. Sifuri. Maana zamani haikuwa hivyo, mpaka mwaka 2022 watu walikuwa wanakamuliwa kaunta kwa hizi chanjo za D, kila bima na bei yake, ndio Biden akasaini ile sheria ya Agosti 2022, na kuanzia Januari 2023 chanjo za D zinazopendekezwa kwa watu wazima zikawa bure kabisa. Mimi siasa zao siziingilii, ila hii wakiigusa nitaandamana na mkongojo.

Usiku wake lakini! Hiyo Shingrix isikieni tu kwa wenzenu. Mkono umevimba, baridi linanitetemesha utadhani niko Makete mwezi wa Julai, mama watoto kanipikia mtori na bado ananicheka. Ila nikikumbuka marehemu mjomba wangu alivyoupata mkanda wa jeshi, ule unaopita ubavuni kama umechomwa pasi, shati lenyewe alikuwa halivumilii, nasema afadhali usiku mmoja wa kutetemeka.

Sasa wapo wabishi. Kuna Mkongo mmoja rafiki yangu sana, mtu wa Lubumbashi, fundi magari mstaafu, yeye Part D aliikataa. "Mimi sinywaki dawa, nilipe ya nini?" Ukimwangalia kweli ni mzima, anakula fufu anabeba injini. Siku kaenda kuchanjwa mkanda wa jeshi, wamemtajia bei yote kamili, maana D hana. Akasema basi najiunga leo. Hujiungi leo mzee, unasubiri dirisha lao lifunguliwe, tarehe 15 Oktoba mpaka 7 Desemba, bima ianze Januari. Na faini juu, asilimia 1 ya ile bei ya msingi ya nchi kwa kila mwezi uliokaa bila D wakati huna bima nyingine ya dawa ya maana, na hiyo faini sio ya mara moja, inakufuata kila mwezi maisha yote ukiwa na D. Alitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kibemba, nikamwambia ongeza na Kiingereza labda watakusikia.

Na hilo dirisha la Oktoba ndio msimu wa mateso. Simu hazilali. "Habari mzee, una Part A na Part B?" Ninazo, na nina usingizi pia. Kwenye TV kila dakika mzee mmoja mwenye meno meupe anacheka anacheza gofu kwa sababu ya bima. Msiwape hao namba za kadi kabisa, Medicare hawakupigii simu kukuuzia kitu. Ukitaka kuuliza piga mwenyewe 1-800-MEDICARE, au tafuta wale washauri wa bure wa SHIP, kila jimbo wapo, hapa Ohio wanaitwa OSHIIP, hawauzi bima ya mtu. Na mkalimani unapewa bure ukiomba. Mimi niliomba wa Kiswahili, nikapewa mama mmoja mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari, anasema "bwana mstaafu anaulizia chanjo kinga dhidi ya homa ya mapafu", nikamwambia mama tulia, hapa mimi ndio naongea sio Ikulu.

Halafu wanakuuliza historia ya chanjo zako. Historia! Mimi nimezaliwa kijijini Tanganyika, kadi ya kliniki kama iliwahi kuwepo basi mchwa waliimaliza kabla sijaanza shule. Ninachokumbuka ni kupanga mstari chini ya mwembe, bwana afya anakuja na baiskeli, anatuchanja ndui mmoja baada ya mwingine, hakuna B wala D, anayelia anapigwa kofi na mwalimu. Nikamwonyesha mfamasia kovu langu begani nikamwambia historia ndio hii. Akaliangalia akasema hili halipo kwenye mfumo. Ila kwenye homa ya ini B kutokujua kumenisaidia, maana kuanzia Januari 2025 B wanailipia hata kwa mtu asiyejua kama aliwahi kuchanjwa. Kwa mara ya kwanza huku ughaibuni nimesema sijui na nikapewa kitu.

Bure yenyewe lakini tusidanganyane. B wanakata kwenye Social Security, pensheni ya serikali, kila mwezi, mwaka 2025 ilikuwa dola 185, mwaka 2026 imevuka 200, pesa inaondoka kabla sijaiona hata sura. Kwa hiyo mkiniona kwenye foleni dukani nimekunja shati mapema, niacheni, ni changu nadai.

Kazi iliyobaki ni moja tu, RSV ya mama watoto. Hiyo wanasema ukifika miaka 75 unachomwa mara moja, chini ya hapo mpaka uwe na magonjwa ya kukuweka hatarini. Yeye hana kisukari, hana moyo, hana pumu, hana chochote. Na kwenye kikoba chao cha akina mama kasema ana 68. Duka la karibu mfamasia msaidizi ni mtoto wa mwanachama mwenzake, akimwona tu amekaa kwenye kile kiti habari imefika Tanga. Kwa hiyo natafuta duka la mbali, linalokubali D yake, lisilo na Mtanzania hata mmoja. Anayelijua aniambie, ila apige simu yangu mimi, asipige ya nyumbani.